Shajara ya Mwamu Kibokoni

Alhamisi, 12 Oktoba 2023

Nyumbani Lamu leo ndio usiku mkubwa wa Maulidi. Saa hizi msikiti wa Riyadha umefurika mpaka uwanjani, matwari yameoteshwa moto hadi ngozi zikakaza, na vijana wetu wa Matondoni wamevuka na mashua tangu adhuhuri, kila mtu na kanzu yake ya sikukuu. Mama alinipigia akiwa barazani kwa dada yake, Langoni. Hakusema mengi. Aliinua simu juu nisikie kasida, akaniachia hivyo mpaka salio likamwishia.

Mimi niko Mombasa, mtaa wa Kibokoni, ghorofa ya pili, chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Nimeswali isha msikiti wa Mandhry, nikala viazi karai kwa mama wa pembeni, nikapanda ngazi. Watu wa Mombasa nao wana Maulidi yao, na ni mazuri, sina neno. Lakini ya Riyadha nilipelekwa nikiwa mabegani mwa baba, na sijawahi kuyakosa hadi mwaka huu.

Nimeshinda nikimfikiria Habib Swaleh, ambaye ndiye aliyeyapa Maulidi yetu sura tunayoijua. Alikuja Amu kutoka Ngazija, sharifu wa nasaba kubwa, naye akaenda kukaa na kusomesha watu ambao wakubwa wa mji wa wakati ule hawakuwahesabu kuwa ni wa kusomeshwa, wakiwemo waliotoka utumwani. Wakubwa walinung'unika. Yeye aliendelea, na Riyadha ikasimama.

Daftari hili nimelinunua leo nikasema afadhali niandike. Kuna jambo la shule ambalo sijamwambia mtu.

Jumapili, 15 Oktoba

Maji yamekatika tena. Vijana wa mikokoteni wanapita vichochoroni na mitungi yao ya manjano, nami nimenunua wa kuogea na wa kupikia. Mji umezungukwa na bahari pande zote, lakini maji yake matamu yanatoka mbali: chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Kwetu tunakinga mvua kwenye jabia. Ikikauka kila mtu anaiona imekauka.

Usingizi ndio unaonitaabisha zaidi. Tuktuk na pikipiki hazilali. Matondoni ukisikia kitu nyuma yako ni punda, unasogea ukutani apite, na aliye juu yake unamjua, na mamake unamjua, mnaulizana hali. Hapa pia nimeamkiana na watu wengi, na ni watu wema, lakini hakuna anayeniuliza habari za fulani kwa jina lake. Hilo ndilo ninalolikosa kuliko chakula na kuliko usingizi: kuulizwa habari za watu.

Jumatano, 25 Oktoba

Baada ya kazi nimeshuka na Ndia Kuu mpaka Bandari ya Kale. Kulikuwa na jahazi moja la injini limeegeshwa, na mashua mbili tatu za wavuvi. Ami, mwenye karakana ninakofanya kazi, husema kwamba akiwa mtoto, msimu wa kaskazi, ungeweza kuruka kutoka jahazi hadi jahazi bila kulowa miguu. Meli kubwa zilihamia Kilindini zamani, kisha majahazi nayo yakapungua mwaka hadi mwaka.

Kando ya maji kijana alikuwa akikalafati ubavu wa mashua. Pamba yake ilikuwa kavu. Pamba hulowekwa mafuta kwanza, ikasokotwa nyuzi nyembamba, ndipo inapopigiliwa kwa patasi butu kwenye mwanya wa ubao na ubao, kidogo kidogo, mpaka sauti ya nyundo ibadilike. Sauti ikiwa nzito, mwanya umeshiba. Baba alinifundisha akiwa amenifunga kilemba machoni, ili nisiwe na la kutegemea ila sikio. Nikamwambia kijana, "Samahani ndugu yangu, iloweke kwanza." Akanitazama. "Wewe fundi?" Nikamwambia ndiyo, wa Matondoni. Akanipisha nikampigia shubiri kadhaa, na mkono ulifurahi.

Matondoni ukisema wewe ni mwana wa fundi fulani, basi. Lakini siku hizi kuna mahali kwetu ambapo swali hilo linaulizwa kwa namna nyingine. Nilikuwa Kililana tarehe 2 Machi 2012, kijana wa miaka kumi na minane, nimesimama juani na wenzangu, pale Rais Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi walipokuja kuzindua LAPSSET, mradi wa bandari mpya ya Lamu. Tuliambiwa bandari itakuwa na magati mengi, na barabara, na reli mpaka Sudan Kusini na Ethiopia, na kazi kwa vijana wa Lamu. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kabla ya hapo bahari ilichimbuliwa, matope yakafunika matumbawe, na wavuvi wakaenda mahakamani. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600, na mjomba wangu ni mmoja wao.

Nilikwenda kuomba kazi kwa mkandarasi mmoja. Aliyekuwa mezani hakuwa na ubaya, alikuwa na fomu. Cheti cha Fomu Foo? Sina. Cheti cha ufundi? Sina. Nikamwambia nimeshiriki kuunda majahazi tangu nikiwa mtoto, kuanzia kulaza mkuku mpaka kusimamisha mlingoti. Akaandika "kibarua". Nilibeba mawe.

Upande wa pili, kazi ya baba ilikuwa ikikonda. Katazo la kukata miti la 2018 lilifanya mbao kuwa adimu na ghali, na wenye pesa walishaanza kununua boti za faiba. Agosti mwaka huu nikaja Mombasa, ambako milango ya Kiswahili na makasha bado vina wanunuzi.

Sasa niandike lile jambo. Nataka kufanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Nikipata C- naweza kuomba diploma, na ninaitaka ya mambo ya vyombo vya baharini, kwenye TUM, chuo kikuu cha ufundi pale Tudor, au Bandari Maritime Academy, ambacho kabla ya 2018 kiliitwa Bandari College. Halafu nirudi. Watu hudhani mtu akisema anataka shule mjini, basi mji umempendeza. Mimi nataka kusoma ili nipate kukaa kwetu.

Alhamisi, 2 Novemba

Jana watoto wa darasa la nane walimaliza KCPE, nayo ni ya mwisho. Mtihani huo ulianza 1985 na sasa umekwisha kabisa. Mimi niliufanya 2008 nikapata alama za kunipeleka sekondari, na sekondari nikaishia Fomu Tu. Baba alianguka kutoka kwenye kiunzi cha jahazi akaumia mgongo. Jahazi lilikuwa na mwenyewe, malipo ya mwanzo yalishaliwa, na mkono mwingine wa kulimaliza ulikuwa wangu.

Mfumo wa 8-4-4 unazimwa hatua kwa hatua. Wanafunzi wake wa mwisho watafanya KCSE mwaka wa 2027. Nikihesabu naona nafasi ipo, lakini haitaningoja.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimemwambia Ami. Tulikuwa peke yetu karakanani, tunapiga msasa kizingiti cha mlango wa mteja wa Nyali, na mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nilikuwa nimejiandaa kwa kucheka kwake. Hakucheka. Aliweka msasa chini akaniuliza, "Fomu ngapi uliachia?" Nikamwambia.

Kumbe na yeye alisoma pale Tudor. Wazee wa hapa bado wanakiita MIOME, chuo cha Waislamu kilichochangiwa na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Bohora na serikali ya Uingereza, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka wa 1951. Mwaka wa 1966 jina lilibadilishwa kikaitwa Mombasa Technical Institute, na Ami akaingia muda mfupi baadaye, mwana wa mpagazi kutoka Kuze. Baadaye kikawa Polytechnic, na tangu 2013 ni chuo kikuu. Alinichorea kwa penseli, juu ya ubao wenyewe wa kizingiti, kiungo cha mkia wa njiwa kama walivyofundishwa kukichora, kwa mitazamo mitatu: mbele, ubavuni na juu. Mimi kiungo hicho nakikata kila siku bila kuchora. Lakini kukiona kimelala pale, kimefunguliwa, mtu asiyekijua angeweza kukifuata akakikata. Nilikitazama muda mrefu. Kisha Ami akakifuta kwa msasa.

Akanieleza njia nyingine pia. Kuna mitihani ya madaraja ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kwa mafundi waliojifunzia kazini, daraja la tatu, la pili na la kwanza, na huhitaji kuwa umemaliza Fomu Foo. "Chukua hiyo kwanza, ni haki yako," alisema. Nitaichukua. Ila haitanifikisha kwenye diploma ninayoitaka, naye anajua.

Alipofunga karakana aliniambia neno moja, "Soma ukiwa na shughuli zako. Ukingoja unafasike, hutasoma."

Jumanne, 14 Novemba

Nimeenda kuliona darasa la jioni. Ni shule ya msingi ng'ambo ya Barabara ya Digo, madawati ya watoto, magoti yanagonga. Tulikuwa wachache: dereva wa tuktuk, mlinzi wa usiku aliyekuja na sare yake, kina mama watatu wa makamo, na msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni ambaye ndiye aliyekuwa akijibu maswali kuliko sote. Mwalimu wa Hisabati hufundisha watoto mchana na sisi jioni.

Alichora pembetatu ya mraba, ubavu mmoja 9, wa pili 12, akauliza mshazari. Nikaandika 15. Sikuhitaji kufikiri, kwa sababu fremu ya mlango tunaisawazisha hivyo hivyo kwa kamba, tatu kwa nne, mshazari tano, na hapo mwalimu amezidisha kwa tatu tu. Alipopita kusahihisha akanipa alama moja kati ya tatu. "Jibu lako ni sahihi, ndugu yangu. Alama mbili ni za njia."

Nilitaka kumwambia kwamba fremu ikiwa sawa imekuwa sawa, mlango utafunga. Sikumwambia. Nimelifikiria tangu nilipotoka pale, na naona yeye ndiye mwenye haki. Baba anajua njia na hawezi kuionyesha ila kwa mtu aliyesimama karibu naye miaka kumi. Siku atakapoondoka, njia itaondoka naye. Hisabati inadai uiache njia kwenye karatasi ili mtu usiyemjua, mahali usipopajua, aifuate. Ile michoro ya Ami juu ya kizingiti ni jambo hilo hilo.

Kiingereza ni kizito. Insha yangu ilirudi imejaa wino mwekundu. Ile ya Kiswahili mwalimu aliisoma mbele ya darasa.

Mwalimu wa Hisabati anasema cheti huhesabiwa kwa masomo saba. Kuanzia mwaka huu Hisabati na lugha moja ndiyo ya lazima, halafu yanachukuliwa matano mengine yale uliyofanya vizuri zaidi. Mtu aliyeachia Fomu Tu, kwa maoni yake, asikimbilie mwaka ujao. Asome miaka miwili, afanye 2025. Anataka nilete cheti cha KCPE na cha kuzaliwa.

Vyeti viko ndani ya kasha la mama.

Ijumaa, 24 Novemba

Barabara ya Lamu imekatika. Mvua hizi za El Niño zimeujaza mto Tana, maji yamepanda juu ya lami upande wa Gamba, na mabasi yanageuza. Bahasha yangu ya vyeti imetumwa kutoka Mokowe tangu wiki iliyopita na haijulikani imelala wapi. Wanasema Witu.

Mama hasomi hati za Kizungu. Anasoma Kurani na barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na mwandiko wake mwenyewe ni mzuri sana. Cheti alikitambua kwa plastiki ya buluu ambayo mimi mwenyewe nilikitilia mwaka wa 2009. Alikikunjua, akamwita mtoto wa jirani amsomee alama kwa sauti, halafu akakifunga kwenye kitambaa cha leso kabla ya kukitia bahasha.

Huku nako kuna mvua, maji yanateremka vichochoroni kuelekea baharini na kupita na kila kitu. Nilisimama pale Mwembe Tayari kwenye ofisi ya basi kwa saa nzima ingawa nilishaambiwa hakuna gari. Kulikuwa na Waamu wengine pale, wanawake waliokuja hospitali, kijana na magodoro yake, mzee mmoja wa Faza. Hatukuwa na la kufanya, lakini hakuna aliyeondoka. Tuliulizana habari za watu. Mzee wa Faza alimjua babu yangu kwa jina na kwa jahazi lake. Nimekaa Mombasa tangu Agosti na ile ndiyo saa niliyostarehe kuliko zote.

Njia ikiwa wazi, hamu ya nyumbani mtu anaweza kuiahirisha. Leo imenibana kweli. Shule za sekondari zinamaliza KCSE wiki hii, watoto wamefurika mjini na mashati yao yameandikwa majina ya wenzao kwa kalamu. Niliwapisha njiani.

Jumapili, 3 Desemba

Nimemwambia mama kwa simu kwamba nafikiria kuacha yote nirudi, nimsaidie baba, na shule nitaitafuta huko huko Amu. Nikaongeza kwamba nasoma kwa ajili yake na baba, na kama mimi siko karibu nao, faida yake nini.

Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, wataka kusoma, soma. Wataka kuya nyumbani, kuya, chumba chako kipo. Lakini usinambie wasoma kwa ajili yangu. Mimi sina mtihani."

Alhamisi, 4 Januari 2024

Nimerudi Mombasa jana usiku. Barabara ilifunguka nikapata kwenda kwenye harusi ya dada yangu. Kilifi, Malindi, Garsen, Gamba ambako maji bado yamesimama kandokando, kisha Witu, Hindi, vizuizi vya polisi na vitambulisho mkononi, mpaka Mokowe, na hapo mashua. Bahasha nilikutana nayo Mokowe, imelowa pembeni tu. Kile kitambaa cha leso kiliiokoa.

Sitaandika juu ya harusi, ilikuwa njema na watu walikuja. Nataka kuandika juu ya baba.

Ana mashua moja kwenye gudi, ndogo, ya mtu wa Kipungani. Hawezi kuinama tena kwa muda mrefu, anakaa juu ya gogo na kuwaelekeza vijana wawili kwa fimbo. Nilifanya kazi naye siku nilizokuwapo. Mataruma alikuwa ameyachagua yeye mwenyewe, akigeuza kila tawi mkononi mpaka aone mpindo wake unakubaliana na mwili wa chombo. Hakuna kielelezo popote. Umbo lote liko kichwani mwake.

Habari ya shule nilimweleza siku ya mwisho. Hakuuliza ada, hakuuliza miaka. Aliuliza, "Masomo hayo yana kuchora?" Nikamwambia ya chuo yanayo, ya KCSE ni ya kunifikisha huko.

Akanihadithia jambo ambalo sikuwa nalijua. Nikiwa bado sijazaliwa, Mzungu mmoja alikuja Matondoni akakaa nao. Alilipima jahazi walilokuwa wakilijenga kila kiungo, mkuku, fashini, kila taruma na nafasi yake, akachora kwenye karatasi kubwa alizokuja nazo ndani ya bomba la bati. Walimpa chai, wakamshikia kamba. Alipomaliza alishukuru akaondoka na michoro. "Mimi nililijenga lile jahazi," baba alisema, "na mchoro wake sikuuona." Aliyasema bila kinyongo. Anadhani uko Ulaya, kwenye maktaba. Jahazi lenyewe lilishazama.

Basi kuna jambo la pili, na usiku huu nalihesabu la kwanza. Kazi ya bandari naitaka bado. Lakini nataka niweze kukaa na baba kwenye gogo lile, angali ana macho, nikachora anachokisema mpaka aseme ndivyo. Kwa Kiswahili, kwa majina yetu ya kila kiungo. Na nakala ya kwanza abaki nayo yeye.

Jumatatu, 8 Januari

Matokeo ya KCSE yametangazwa leo. Kati ya watahiniwa zaidi ya 899,000, walioweza kupata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, ni 201,133. Wenye E ni zaidi ya 48,000. Redioni karakanani walihojiwa watoto waliofaulu, wamebebwa juu juu. Wale wa E hawakuhojiwa. Ami alizima redio akasema, "Hao nao wana mikono." Ningependa waambiwe hivyo na mtu, mapema, na waambiwe pia kwamba mlango wa kurudi darasani upo. Mimi nilikaa miaka kumi na mitatu bila kuambiwa.

Jumapili, 21 Januari

Shemeji yangu amepiga simu kutoka Muscat. Kuna nafasi ya seremala kwenye kiwanda cha samani, mkataba wa miaka miwili, nyumba juu yao. Ujira alioutaja ni mkubwa kuliko wa Ami kwa mbali. Watu wetu wamekwenda Omani vizazi na vizazi, wengine wakarudi na kujenga, wengine wamezikwa huko, na sio safari ya kuidharau.

Nimeswali, nimelitafakari siku tatu. Kama ningekuwa na watoto wa kulisha ningekwenda bila kuuliza. Sina bado. Baba ana macho leo. Miaka miwili ya Muscat nitaimaliza na pesa, nikiwa pale pale Fomu Tu. Nimemjibu shemeji kwa heshima, nikamwombea nafasi hiyo kijana mmoja wa Siyu ambaye anaihitaji kweli.

Usiku nilipita Forti Jesus kurudi chumbani. Wareno waliijenga mwisho wa karne ya kumi na sita, na jina la mchora ramani wake linajulikana hadi leo, Cairati, Mtaliana. Majina ya waliobeba na kuchonga yale matumbawe hayajulikani.

Alhamisi, 29 Februari 2024

Nimelipa. Ada ya muhula, vitabu viwili vya mitumba vya Hisabati, na kifurushi cha karatasi za kuchorea ambacho hakimo kwenye orodha ya mwalimu. Vyeti vyangu vimekaguliwa, nakala zimebaki ofisini, asili ninazo. Usajili wenyewe wa mtihani nitaufanya mwanzoni mwa mwaka ujao, kwa KCSE ya 2025.

Mtihani wa daraja la NITA nitaufanya mwaka huu huu, wa useremala. Na nimemwandikia barua mwakilishi wa wadi yetu, kwa Kiswahili safi, kurasa mbili. Nimemwomba jambo moja. Matondoni kuna mafundi wa majahazi ambao hawana karatasi hata moja, na bandari iko mlangoni mwao. Watu wa kupima ujuzi waletwe kijijini, wakae gudini, wamtazame fundi akifanya kazi, wampe cheti anachostahili. Mzee wa miaka sitini hawezi kuambiwa apande basi kwenda Mombasa kuthibitisha kwamba anajua kulaza mkuku. Kama atajibu, nitaandika hapa. Asipojibu nitaandika tena kwake.

Hamu ya nyumbani iko pale pale. Jana usiku nilinusa mafuta ya kalafati kwenye shati la kazi nikakaa kitandani muda. Sitarajii iishe, na sioni kwa nini iishe.

Ami amekubali niondoke karakanani mapema siku za darasa, nami nitamfidia Jumamosi. Ramadhani iko karibu, mwalimu amesema mwezi huo tutaanza saa tisa na nusu ili watu wawahi futari. Darasa la kwanza ni Jumatatu, tarehe 4 Machi, saa kumi na moja na nusu jioni.